Kabla ya Nta Kugusa Kinena

Anayekuja mara ya kwanza kutolewa nywele za kinena kwa nta huwa na swali moja: inauma? Inauma, hasa ule mvuto wa kwanza, lakini ni kwa sekunde chache. Mimi humuuliza kwanza anachopaka na anachomeza, maana nta haing'oi nywele tu. Huondoka pia na utando mwembamba wa juu ya ngozi.

Ndiyo sababu naogopa mkorogo. Krimu za kujichubua zenye steroidi huidhoofisha ngozi hadi iwe kama ganda la kitunguu, na ukivuta nta unabandua ngozi yenyewe. Aliyetumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini asubiri miezi 6 baada ya kuvimaliza. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye makovu yake huvimba, aonane na daktari kwanza. Usione haya kumweleza dada wa saluni. Haya hiyo ndiyo inayowaletea watu vidonda.

Nywele ziwe na urefu wa punje ya mchele, yaani kama nusu sentimita. Zikiwa fupi mno nta haizishiki, kwa hiyo usinyoe wiki za kabla ya nta.

Ukishalala kitandani, tazama kijiti cha kupakia nta. Kila mchovyo unataka kijiti kipya. Kilichogusa mwili hakirudi kwenye chungu cha nta, kwa sababu nta ya uvuguvugu haiui vijidudu, na wewe si mteja wa kwanza wa chungu kile. Ukiona kimerudishwa, inuka uvae nguo zako, hata kama umeshalipa. Halawa ya sukari na limau, inayopendwa Oman na huku pwani, haina chungu cha kuchovya, lakini donge lake ni la mtu mmoja, kisha linatupwa.

Nywele zetu za kipilipili zina tabia ya kujikunja zinapoota upya na kurudi ndani ya ngozi. Hapo ndipo vipele na madoa meusi huanzia. Kwa siku 2 za mwanzo baada ya nta acha maji ya moto, suruali za kubana, tendo la ndoa, manukato na hata kujifukiza udi. Kuanzia siku ya tatu sugua taratibu kwa dodoki laini, na kipele usikitumbue. Ukiona usaha, uvimbe unaosambaa au homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na kwa bibi harusi: usijaribu nta kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia ndoa. Anza kama mwezi mmoja kabla, uone ngozi yako inavyoipokea, kisha urudie siku 3 kabla ya sherehe. Somo wako anayekufunda naye alijue hilo mapema, kabla hajapanga ratiba ya kukusugua kwa singo.