Prune du Japon Inapenda Baridi

Mwaka moja nilitoka Bukavu na mbegu za prune du Japon ndani ya karatasi. Nikazipanda nyuma ya nyumba yetu hapa Kibombo. Miti ikapanda haraka, majani makubwa kama ya tumbaku, hata nikajisifu mbele ya waamini. Matunda? Hakuna. Mama akaniuliza: «Baba Mchungaji, hii miti yako inazaa paka majani?»

Kosa halikuwa la mbegu. Mti huu, ambao jina lake linadanganya, ulitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Unataka usiku wa baridi ili maua yashike tunda. Bukavu ni karibu metre 1 500 juu ya bahari. Sisi wa Lualaba tuko chini sana, na usiku wetu ni joto. Basi, baba mchimbaji, usitoe posho yako kununua miche hiyo kwa kupanda Kibombo ao Kailo.

Lakini ninyi wa Numbi, kule juu Kalehe, pandeni! Osheni mbegu, zikauke kivulini, zianzie katika kitalu. Mti ukifika metre moja, kateni ncha utoe matawi. Musiupande karibu na shimo la zamani lenye maji: mizizi ikilowa siku chache tu, unakufa. Kisha miaka miwili hivi watoto watakula vitamini A na C. Ganda ni chungu, litoeni.

Mimi nimekwisha kupanda mpera pale pale. Unapenda joto letu, na kwa vitamini C pera inapita chungwa.