Zahanati za majani chai zinaposubiri intaneti

Mvua ya alasiri inapoanza kunyesha Kericho, wachumaji wa majani chai hukimbilia vibandani, na si ajabu umeme nao kupotea. Umeme ukipotea, mara nyingi mtandao hufuata. Kwa mkazi wa mjini huo ni usumbufu wa saa moja hivi. Kwa muuguzi aliye peke yake zahanatini na mama mjamzito ambaye presha yake imepanda, ni suala la kufa na kupona.

Mama huyo anaumwa sana na kichwa, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba. Anahitaji mambo matatu kwa haraka: ushauri wa daktari, ambulensi, na hospitali iliyokwisha kuarifiwa kwamba anakuja. Yote matatu hutegemea mawasiliano.

Hii ndiyo sababu suala la intaneti katika kaunti za Kericho na Bomet si la vijana wanaotaka kutazama video tu. Ni suala la afya.

Kazi zimehamia mtandaoni

Tangu mwaka wa 2011, takwimu za afya nchini hutumwa Wizarani kupitia mfumo wa kompyuta badala ya mafurushi ya karatasi. Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, ambao walipewa simu za kunakili habari za kila boma wanalotembelea. Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF, na tangu hapo mgonjwa huthibitishwa na malipo huombwa kupitia mtandao.

Simu za wahudumu hao zinaweza kuhifadhi habari pasipo mtandao na kuzituma baadaye. Hilo linasaidia, lakini lina mpaka. Habari ya mtoto mwenye homa kali ikilala ndani ya simu siku tatu, haimfai mtoto yule.

Kasi nayo ina maana yake. Picha moja ya eksirei ya kifua iliyopigwa kwa mtambo wa kidijitali inaweza kufikia megabaiti 20. Kwa mtandao dhaifu unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, picha hiyo itachukua karibu nusu saa kumfikia daktari aliye mbali. Kwa faiba inayopitisha megabiti 10 kwa sekunde, ni sekunde 16 tu.

Somo la malaria

Wasomaji wenye umri mkubwa huenda wakakumbuka jinsi malaria ilivyorejea kwa kishindo katika nyanda za juu za Kericho miaka ya 1980 na 1990. Watafiti waliochunguza janga hilo walitegemea kumbukumbu za hospitali ya mashamba ya majani chai, zilizotunzwa kwa miongo kadhaa. Kumbukumbu hizo ziliwafaa sana wanasayansi, lakini zilichambuliwa muda mrefu baada ya wagonjwa kupona au kuzikwa. Habari za wiki hii zikifika makao makuu ya kaunti wiki hii hii, dawa na vyandarua vinaweza kufika kabla ugonjwa haujaenea.

Nani afanye nini?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi. Mawasiliano ya simu ni ya serikali ya kitaifa. Zahanati, ambulensi na barabara za kaunti ni za kaunti. Kwa hivyo ni rahisi pande hizo mbili kurushiana lawama huku mgonjwa akingoja.

Nyaya za faiba zilifika Mombasa kupitia baharini mwaka wa 2009, na mradi wa kitaifa wa NOFBI ukazisambaza kuelekea makao makuu ya kaunti. Tatizo ni safari ya mwisho, kutoka mjini hadi zahanati iliyo ndani Konoin, Chepalungu, Kipkelion au Sigowet. Huko milima na mabonde huzuia mawimbi ya minara, na kampuni huona wateja ni wachache mno kulipia gharama. Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2009, ipo kwa ajili ya maeneo kama hayo.

Lakini kaunti haiwezi kukaa kitako ikingoja Nairobi. Ndiyo inayotoa ruhusa ya kuchimba mtaro kando ya barabara zake, na ada kubwa humfukuza mwekezaji. Inaweza kutenga katika bajeti ya afya pesa za kulipia mtandao kila mwezi, kama inavyotenga za dawa. Inaweza kuweka sola na betri, na kumwajiri fundi wa kurekebisha kinachoharibika. Aidha, ni lazima ilinde siri za wagonjwa, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyodai.

Mfano haupo mbali. Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanza mwaka wa 1937, ilijijengea mtambo wa umeme kwa maji ya mto Nyangores. Hospitali hiyo inajulikana pia kwa kutibu saratani ya umio, ambayo huwapata watu wengi katika eneo hili. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, hata uji haupiti. Intaneti haitibu saratani, lakini muuguzi wa zahanati anayeweza kumwandikia mgonjwa siku ya uchunguzi mapema humwongezea nafasi ya kupona.

Ikiwa una mzazi mashambani

Msomaji uliye Nairobi au Nakuru, usisubiri faiba ifike. Hakikisha mzazi wako amesajiliwa na SHA. Anaweza kupiga *147# kwa simu yoyote, bila intaneti. Mwulize kama chakula humkwama kooni au kama amekonda bila sababu, na akikubali, mpeleke hospitalini. Mwambie pia aache chai ipoe kidogo: mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vikachangia saratani ya umio.

Na bajeti ya kaunti yako inapoletwa kwa wananchi watoe maoni, uliza swali moja: zahanati yetu imetengewa pesa ngapi za mtandao?