Kanuni za Vifungashio na Fedha za Haidrojeni: Bunge Hukagua Nini, na Mwananchi Huingilia Wapi

Chupa ya plastiki ikishatupwa mtaani, ni mzigo wa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeweka uzoaji wa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu chini ya serikali za kaunti. Lakini nani alipie kuikusanya chupa hiyo, na alipe kiasi gani, ni jambo linaloamuliwa katika kanuni za kitaifa ambazo wananchi wengi huzisikia zikiwa tayari zinatumika. Mvuke wa Olkaria nao hauna tofauti kubwa. Visima viko Naivasha, ila mpango wa kuutumia kutengeneza haidrojeni ya kijani, pamoja na fedha zake, uko mikononi mwa serikali ya kitaifa na wafadhili.

Mambo haya mawili hupita Bungeni, lakini hayapiti mlango mmoja. La kwanza lina utaratibu ulioandikwa hatua kwa hatua, hadi idadi ya siku. La pili limetawanyika katika kamati kadhaa, na anayetaka kulifuatilia anahitaji subira.

Kanuni inazaliwaje

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilileta wazo ambalo kwa muda mrefu halikuwa na nguvu nchini: anayeingiza bidhaa sokoni abaki na wajibu juu yake hata baada ya mteja kuitumia. Kiwanda cha maji ya chupa, mwagizaji wa betri, mwenye chapa ya sabuni, wote wanaguswa. Sheria yenyewe, hata hivyo, haielezi kila kitu. Inampa Waziri wa Mazingira uwezo wa kutunga kanuni, na kanuni za wajibu wa mzalishaji zilichapishwa Novemba 2024. Kwa mujibu wake, wazalishaji hujisajili kwa NEMA na kutimiza wajibu huo, aghalabu kwa kujiunga katika mashirika yanayogharimia ukusanyaji na urejelezaji kwa niaba yao.

Hapa ndipo Bunge linapoingia. Waziri hakuchaguliwa na wananchi, na kanuni anayoitia saini inaweza kumtoa mtu pesa au kumfikisha mahakamani. Ndiyo maana Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inadai kwamba kila kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Si siku za kalenda. Bunge likiwa likizoni, hesabu husimama. Waziri akichelewa kupita muda huo, kanuni inapoteza nguvu, ingawa yaliyokwisha kufanywa chini yake hayafutiki.

Ikishawasilishwa, kanuni hupelekwa kwa Kamati ya Sheria Ndogo. Kamati haiulizi kama kanuni inapendeza. Inauliza maswali ambayo sheria imeyataja: Je, inalingana na Katiba na sheria mama? Je, inagusa haki za msingi? Je, inatoza kodi kwa mlango wa nyuma? Je, inarudi nyuma kuadhibu yaliyofanyika kabla haijakuwepo? Je, jambo lililomo lilistahili kuwa mswada kamili? Inatazama pia kama wahusika walishauriwa. Kwa kanuni inayoweza kuwabebesha wananchi gharama kubwa, lazima kuwe na taarifa ya athari inayoonyesha gharama hizo na faida zake.

Kamati ina siku 28 tangu ilipokabidhiwa kanuni, isipokuwa Bunge liongeze muda. Ikipendekeza ifutwe na Bunge likakubali, kanuni imekufa, na aliyeitunga hupewa siku 14 kutangaza hivyo katika Gazeti Rasmi. Na ikinyamaza? Kanuni huhesabiwa kuwa imetimiza masharti yote. Hilo ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu wengi hudhani kimya cha Bunge ni sawa na kutoidhinisha. Katika kanuni, ni kinyume chake.

Kwa mwenye duka la rejareja au kikundi cha vijana wanaookota chupa, siku hizo 28 zina uzito kuliko mkutano wowote wa baadaye. Kikundi kinachouza plastiki kwa kilo kina maslahi ya moja kwa moja katika namna fedha za wazalishaji zitakavyoteremka: zitawafikia waokotaji walio jaani, au zitaishia kwa kampuni zenye malori? Kanuni inaweza kuandikwa ikaliacha swali hilo wazi. Kamati inaweza kulisikia tu ikiwa limeletwa kwake kabla ya muda kwisha.

Ada au kodi?

Mvutano mkubwa katika suala la vifungashio umekuwa juu ya neno moja. Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa, kupunguzwa au kuondolewa isipokuwa kwa sheria. Serikali ilipotaka ushuru wa mazingira kwa bidhaa kama nepi na vifaa vya elektroniki mwaka 2024, iliuweka katika Mswada wa Fedha, mahali panapostahili. Wananchi waliuona, wakausoma, wakaupinga pamoja na mapendekezo mengine. Rais alikataa kuutia saini Mswada huo tarehe 26 Juni 2024, na ushuru ukaanguka nao.

Ada ndani ya kanuni haionekani kwa urahisi hivyo. Haisomwi pamoja na bajeti, haijadiliwi usiku kucha kwenye redio, na hukaa kwenye jedwali la mwisho la hati ndefu. Ada ya haki hulipia huduma fulani, mfano usajili au kukusanya taka ya bidhaa hiyo. Ikizidi gharama ya huduma, imeanza kunuka kodi. Kwa hiyo anayesoma kanuni yoyote ya taka na aanzie mwisho, kwenye majedwali, kisha arudi mwanzo.

Haidrojeni: pesa zenye milango mingi

Haidrojeni ya kijani si kitu cha ajabu. Maji hupitishiwa umeme, yakagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Umeme ukitoka kwa mvuke wa ardhini, upepo, maji au jua, haidrojeni huitwa ya kijani. Ikichanganywa na naitrojeni ya hewani hupatikana amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea kama CAN na yurea. Tani moja ya amonia huhitaji takriban kilo 176 za haidrojeni, maji yasiyopungua lita 1,600, na umeme wa karibu kilowati-saa 10,000. Mwenye kulipa bili ya umeme anajua maana yake: bei ya umeme ndiyo itakayoamua kama mbolea hiyo itauzika.

Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, wakati wa Kongamano la Tabianchi la Afrika jijini Nairobi, na Muungano wa Ulaya ukaahidi ruzuku ya karibu yuro milioni 12. Mkakati unalenga mbolea kwanza, ili nchi ipunguze kuagiza mbolea ya naitrojeni kutoka nje. Mkulima wa Molo au Njoro anakumbuka mwaka 2022, gunia la kilo 50 lilipopita shilingi 6,000 kabla ya ruzuku kulishusha hadi 2,500. Hamu ya kutengeneza mbolea nyumbani inaeleweka.

Swali ni nani anayekagua pesa zinazoufuata mpango huo. Mkakati wenyewe ni sera. Si kanuni, kwa hiyo hakuna siku saba wala siku 28 zinazouhusu. Pesa zinapoanza kuingia ndipo Bunge hushika kamba, na hushika sehemu tofauti kila mara.

Zikiwa katika makadirio ya matumizi, Hazina ya Kitaifa huyafikisha Bunge la Kitaifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na kamati ya bajeti inalazimika kutafuta maoni ya umma. Ikiwa serikali inamdhamini mwekezaji kwa mkopo, dhamana hiyo huhitaji idhini ya Bunge, na kila mwaka lazima ripoti ya dhamana zilizotolewa ichapishwe. Msamaha wa kodi hupitia sheria za fedha. Bei ya umeme iko kwa EPRA. Na mkataba unaotoa haki ya kuvuna maliasili unaweza kuhitaji kuidhinishwa na Bunge chini ya Kifungu cha 71. Baada ya hapo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufuata nyayo za pesa za umma, lakini yeye huja wakati zimekwisha kutumika.

Matokeo yake ni kwamba ada ndogo ya pakiti ya plastiki hukaguliwa kwa saa iliyowekwa, ilhali kiwanda cha mabilioni hakina siku moja ambayo mwananchi anaweza kuiandika kwenye kalenda na kusema, leo kinajadiliwa. Wabunge wanaweza kuunganisha vipande hivyo kwa kumwita Waziri wa Kawi mbele ya kamati. Hakuna sheria inayowalazimisha.

Kwa wakazi wa Nakuru kuna jambo jingine la kuliangalia. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii inayoishi pale rasilimali ilipo. Mvuke ukiuzwa kwa bei nafuu ili kumvutia mwekezaji wa haidrojeni, msingi wa kukokotoa mrabaha huenda ukapungua. Huenda hasara hiyo ikafidiwa na ajira na mbolea ya bei nafuu. Lakini hesabu hiyo inafaa kuombwa mapema, mkataba ukiwa bado karatasi.

Kupeleka maoni

Maoni kuhusu kanuni huandikwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, Majengo ya Bunge, Nairobi. Taja jina na nambari ya kanuni jinsi ilivyo katika Gazeti Rasmi, kipengele unachokilalamikia, na namna kinavyokugusa. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Haihitaji wakili, na inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Kwa mambo yasiyo na kanuni, mfano fedha za haidrojeni, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na Seneti pia hupokea maombi kuhusu mambo yanayogusa kaunti. Mbunge wa eneo anaweza kuliwasilisha kwa niaba ya wakazi. Ratiba za vikao na ajenda za kamati huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, na matangazo ya kukaribisha maoni huchapishwa magazetini, mara nyingi kwa muda mfupi. Mwakilishi wadi hawezi kufuta kanuni ya Waziri, ila sheria ya kaunti kuhusu taka hupitia kwake, na humo ndimo huandikwa taka itenganishwe vipi mitaani, nani azoe, na wenye nyumba walipe nini.