Barbara Castle: miaka 34 bungeni akitetea wasiosikilizwa

Tarehe 3 Machi 1959, nchini Kenya, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi hadi kufa katika kambi ya Hola. Wakuu wa koloni walitangaza kwanza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Huko London, mbunge mmoja wa upinzani alikataa kunyamaza: Barbara Castle, wa chama cha Labour.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1955 alisafiri mwenyewe hadi Kenya kuchunguza habari za mateso, wakati wakubwa wengi wa nchi yake hawakutaka kuzisikia.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1910, mtoto wa mkaguzi wa kodi. Mwaka 1945 wakaaji wa Blackburn, mji wa viwanda vya nguo, walimchagua kuwa mbunge. Alikaa na kiti hicho hadi 1979.

Labour iliposhika serikali mwaka 1964, Harold Wilson alimfanya waziri. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, alileta kipimo cha pombe kwa madereva mwaka 1967. Wengi walimtukana, wakisema mwanamke asiye hata na permi hawezi kuwafundisha kuendesha gari. Lakini vifo barabarani vilipungua.

Mwaka 1968, wanawake waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford, Dagenham, waligoma. Walilalamika kwamba kazi yao ilidharauliwa na malipo yao yalikuwa chini ya yale ya wanaume. Castle, sasa Waziri wa Kazi, aliwapokea ofisini. Walirudi kazini wakipewa asilimia 92 ya malipo ya wanaume, na mwaka 1970 akapitisha sheria ya mshahara sawa kwa kazi sawa.

Si kila vita alishinda. Mwaka 1969 alitaka kuweka sheria ya kudhibiti migomo. Sendika zilikataa, mawaziri wenzake wakamwacha, naye akarudi nyuma. James Callaghan, aliyempinga siku hizo, alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1976 alimfukuza serikalini.

Hata hivyo, sheria aliyoiacha ilifanya posho ya watoto ilipwe mikononi mwa mama. Baada ya miaka 10 katika Bunge la Ulaya, akikaribia miaka 90, bado alikuwa akiibana serikali ya chama chake iongeze pensheni za wazee. Alifariki Mei 2002.