Chama cha Watu Wasiokutana

Kabla ya saa 1 asubuhi daladala za Moshi hubeba abiria wa aina mbili. Wa kwanza wamenawa uso, mashati yamepigwa pasi, wanakwenda kuripoti. Wa pili wamelaza vichwa kwenye kioo cha dirisha, na kondakta huwagusa bega wanapofika kituo chao: wauguzi waliokabidhi wodi, walinzi waliotoka lindoni, mhudumu wa mapokezi wa hoteli aliyekesha akisubiri wageni wa ndege ya usiku kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Wanakaa kiti kimoja, na huenda wana mwajiri mmoja, lakini mwaka mzima hawajawahi kuketi kwenye mkutano mmoja.

Moshi ni mji wa zamu kuliko unavyojisifia. Wenyewe tunapenda kujiita watu wa kahawa, migomba na biashara. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hailali. Hospitali ya Mawenzi hailali. Kule Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC, msimu wa kusaga ukianza mtambo huunguruma usiku na mchana. Na juu ya mlima, usiku wa manane, waongoza watalii huamsha wageni kwenye kambi za Barafu au Kibo ili waanze kupanda kuelekea kilele cha mita 5,895.

Sheria inawatambua watu hawa, tena kwa maneno yaliyo wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mwenye shilingi 1,000 kwa saa anaongezewa 50. Akikesha saa zote 10 amepata 500, nauli ya daladala ya kumrudisha nyumbani, ikitosha. Sheria hiyo hiyo inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi, na inamlinda mama mjamzito dhidi ya kazi za usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Ukiuliza ni walinzi wangapi wanaoijua ile asilimia 5, utapata jibu la kwa nini naandika makala haya.

Vyama vya wafanyakazi vipo, sikatai. TUGHE ina watumishi wa serikali na afya, TPAWU ina wa mashambani, TUICO ina wa viwanda na biashara, CHODAWU ina wa mahotelini na majumbani. Vyote vimegawana wafanyakazi kwa sekta. Hakuna aliyewagawa kwa saa. Mkutano wa tawi huitishwa saa 8 mchana, kwa kuwa ndio wakati wa viongozi, na kwa mtu wa zamu ya usiku, huo ndio wakati wa usingizi. Matokeo yake chama anakiona mara mbili: kwenye karatasi ya mshahara pale makato yanapoandikwa, na Mei Mosi inapogawiwa fulana na kofia.

Kwa hiyo wazo la kuunda chama kipya cha watu wa zamu si la kuchekwa. Kisheria, wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha. Sheria pia imepanga idadi ya wawakilishi mahali pa kazi: wanachama wasiozidi 9 wana mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 wana watatu, 21 hadi 100 wana kumi, na wakizidi 100 wanakuwa kumi na tano. Haisemi wawakilishi hao watoke zamu gani, na mahali pengi wote kumi huwa wa mchana. Katiba ya chama kipya inaweza kuandika kwamba kila zamu ichague wake, na kwamba mkutano ufanyike mara mbili siku moja, nusu saa kabla na nusu saa baada ya kukabidhiana kazi. Miteremko ya Kilimanjaro imeshazoea utaratibu wa namna hiyo. Mifongo, yaani mifereji ya maji ya Wachagga, iliendeshwa kwa zamu, kila mmoja na wakati wake wa kufungulia shambani, na aliyekwepa kuchimba alitozwa faini.

Ila katiba nzuri haileti wanachama. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kiafrika Kilimanjaro, KNPA, kilianza mwaka 1925, wakati walowezi walikuwa hawataki Mwafrika alime arabika. Watu walijiunga kwa sababu kilishughulikia magonjwa na wadudu wa mibuni na kuuza zao kwa pamoja. Faida ilionekana shambani kabla ya hotuba. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 madeni na tuhuma za fedha zikakidhoofisha, na mwaka 1933 mahali pake ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi. Mwaka 1937 wakulima wenye hasira walivamia majengo ya vyama vya msingi, wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa kupitia KNCU peke yake. Nawakumbusha hili wanaopenda ile ada ya uwakala, ambayo chama chenye wanachama wengi kinaruhusiwa kuwakata hata wasio wanachama. Ni fedha ya haraka, na ni njia ya haraka vilevile ya kuchukiwa.

Mtihani mgumu zaidi uko kwa wapagazi wa mlimani, ambao wenyewe hujiita wagumu. Mgumu hupanda na kampuni moja wiki hii, na nyingine wiki ijayo. Getini mzigo wa kampuni hupimwa usizidi kilo 20, kisha anapotea siku sita hadi nane, analipwa safari ikiisha, na bakshishi inategemea uaminifu wa aliyepewa kuigawa. Tangu mwaka 2003 mradi wa KPAP wenye ofisi Moshi umefuatilia kampuni zinavyowatendea na kuwaazima nguo za baridi bure. Kazi hiyo ni kubwa, na imewafungua macho wageni wengi. Lakini nguvu yake hutoka kwa kampuni zinazokubali kufuatiliwa na kwa mgeni anayeuliza kabla ya kulipia. Siku mgeni akifuata bei ndogo, mpagazi hana karata mkononi.

Chama cha wafanyakazi kingempa karata hiyo, na hapo ndipo sheria inapoteleza. Makato ya ada hupitia kwa mwajiri. Mpagazi ana waajiri kumi kwa mwaka. Ili chama kitambuliwe kujadiliana na mwajiri lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake; nusu ya nani, ikiwa orodha hubadilika kila safari? Kule Ahmedabad, India, Ela Bhatt alikutana na swali hilo mwaka 1972 alipotaka kusajili SEWA, chama cha wanawake wabeba mizigo, wauza mboga na washonaji. Msajili alihoji chama kitadai kwa nani wakati hakuna mwajiri. Wakajibu kwamba chama ni umoja wa wafanyakazi kwanza, si lazima kiwe dhidi ya mtu. Kikasajiliwa, na mwaka 1974 wakaanzisha benki yao. Wapagazi wa Moshi wangeweza kukusanya ada wenyewe kwa simu siku ya malipo, bila kupitia karatasi ya mshahara ya mtu yeyote.

Kuna jambo la kalenda pia. Masika ndiyo majira pekee ambayo watu hawa wanaweza kuonana kwa wingi: mlima unapungua wageni, na kiwanda cha sukari nacho husimamisha kusaga kupisha matengenezo. Wauguzi na walinzi hawana masika, wao itabidi wafuatwe kazini kwao. Ishirini wa kwanza wakitia saini Aprili, sheria inawataka wawe wamejisajili ndani ya miezi sita. Hiyo ni Oktoba. Kufikia hapo mtambo wa Arusha Chini unasaga usiku kucha, na nusu ya kamati iko juu ya mawingu ikibeba mahema.