Mkopo wa kuhifadhi nishati wahitaji kipimo, si ahadi

Baridi ya mwaka 2013 ilinikuta kaskazini mwa Uingereza, nikiwa mwanafunzi wa uzamifu mwenye makoti mawili na chumba kimoja cha kupanga. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, ya enzi za kale, kuta zake nene kwa macho lakini zisizo na chochote cha kuzuia joto lisitoroke. Usiku, ukiweka kiganja karibu na fremu ya dirisha, ulihisi upepo ukikupumulia. Mwenye nyumba, bibi mjane aliyekuwa amepita miaka sabini, aliishi chini, na kila bili ya gesi ilipoletwa sisi wapangaji tulijua kwa jinsi alivyofunga milango.

Jioni moja bibi huyo aliniita jikoni kwake, akanikabidhi karatasi iliyoletwa na posta. "Wewe unasomea lugha," aliniambia. "Hebu nieleze maneno haya yanataka nini kwangu."

Karatasi ilihusu mpango wa serikali ulioitwa Green Deal, uliotungiwa sheria mwaka 2011 na kuanza kutoa mikopo Januari 2013. Wazo lake, msomaji, lilikuwa la kuvutia. Mwenye nyumba hakutakiwa kutoa hata senti mfukoni. Mafundi wangekuja kuzivika kuta, kujaza dari na kubadilisha mtambo wa kuchemshia maji. Gharama ingelipwa kidogo kidogo, pengine kwa miaka 25, ikikatwa ndani ya bili ya umeme. Deni lenyewe lilishikamana na mita, si na mtu. Ukihama, ukiuza au ukifa, aliyekuja baada yako ndiye aliyeendelea kulipa. Na juu ya yote palikuwa na kile walichokiita Kanuni ya Dhahabu: malipo ya mwaka yasizidi kiasi kilichokadiriwa kuokolewa katika bili.

Nilimsomea yote hayo kwa ufasaha niliouweza. Bibi akanitazama, akauliza: "Na nitajuaje kwamba nimeokoa?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa kuwa kazi yangu ni sarufi, nimeishia kulijibu kisarufi. Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kusimama ubaoni akieleza tofauti ya -nge- na -ngali-. Asemaye "nisingaliziba nyufa, ningalilipa zaidi" anazungumzia jambo ambalo halikutokea wala halitatokea kamwe. Kuokoa nishati ni jambo la aina hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kuiona bili ambayo hakuletewa. Deni, kwa upande wake, halina -ngali-. Linakuja kila mwezi kwa -na- na -ta-, nalo lina tarakimu. Kumwomba mjane alipe deni la hakika kwa akiba ya masharti ni kumwomba aamini makadirio ya mtu asiyemjua. Baridi ikizidi mwaka ule, au mjukuu akija kuishi naye, bili itapanda hata kama kuta zimevikwa vizuri, na hapo nani atamshawishi kwamba ameokoa?

Tena mkopo ule haukuwa rahisi. Riba yake ilikaribia asilimia 7, kabla ya kuongeza ada, ilhali wenye nyumba wengi waliweza kukopa kwa bei nafuu zaidi kwa kuongeza rehani zao. Kwa kulinganisha tu, Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwatoza wanafunzi wa shahada ya kwanza asilimia 4 kwa mwaka, na bado twalalamika. Kamusi zetu za zamani hukipa kitenzi kopa maana mbili, kuchukua kitu kwa ahadi ya kulipa na kulaghai, na yamkini waliokitumia hivyo hawakukosea sana.

Waziri aliyehusika alitangaza kwamba angekosa usingizi iwapo nyumba 10,000 hazingekuwa zimejiunga kufikia mwisho wa mwaka 2013. Hazikufika hata elfu mbili. Julai 2015 serikali ilikata fedha za mpango huo, na mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa hesabu za umma wa Uingereza akaripoti kwamba nyumba zipatazo 14,000 tu ndizo zilizokuwa zimechukua mikopo, huku walipa kodi wakiwa wamegharimika pauni milioni 240. Bibi yangu hakutia sahihi. Alinunua mapazia mazito.

Isidhaniwe kwamba kasoro ni ya mikopo yenyewe. Ujerumani, benki ya umma ya KfW, iliyoundwa mwaka 1948 kwa ajili ya kujenga upya nchi baada ya vita, imekopesha wenye nyumba kwa riba iliyo chini ya ile ya soko, na kusamehe sehemu ya deni pale mtaalamu anapothibitisha kwamba nyumba imefikia kiwango kilichokubaliwa. Huko msiba ulikuwa wa kinyume: waombaji walifurika hata Januari 2022 serikali ikalazimika kusimamisha maombi ghafla, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha.

Lakini mfano unaonigusa zaidi kama mwalimu ni wa jimbo la Texas, huko Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo hilo lilianzisha mfuko uitwao LoanSTAR kwa dola zipatazo milioni 98, fedha zilizotokana na kampuni za mafuta zilizokuwa zimewatoza wananchi kupita kiasi na kuamriwa kuzirejesha. Wakopaji hawakuwa wajane bali ofisi za serikali, shule, hospitali na vyuo vikuu. Taasisi hukopa, hurekebisha taa na mitambo yake ya kupozea hewa, hulipa kutokana na bili iliyopungua, na fedha zilizorejeshwa hukopeshwa mwingine. Zaidi ya hayo, tangu mwanzo majengo yalifungwa mita, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wakalinganisha matumizi ya kabla na ya baada, wakizingatia hali ya hewa. Bili ile ambayo haikuletewa mtu ikaandikwa kwa tarakimu. Swali la bibi likapata jibu, ingawa bara jingine na miaka mingi kabla ya kuulizwa.

Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2012 ziliagiza majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 za umeme kwa mwaka vikaguliwe kila miaka mitatu, kisha vitekeleze angalau nusu ya akiba itakayopendekezwa na wakaguzi. Agizo zuri. Lakini mkuu wa taasisi ambaye bajeti yake imekwisha muhula wa pili haujaanza atazitoa wapi fedha za kutekeleza? Mkopo wa umma, wa riba ndogo na wa kuzunguka kama ule wa Texas, ungefaa shule na vyuo vyetu kuliko mihadhara mingi tunayopewa kuhusu kuzima taa. Ila mtu asije kwetu na Kanuni ya Dhahabu kabla ya kuja na mita.

Nasema hivi kwa sababu ukumbi ninaofundishia una taa zaidi ya arobaini zinazowashwa kwa swichi moja. Mwanafunzi wa nyuma akihitaji mwanga, zote huwaka, hata saa sita mchana. Majuzi nilimuuliza fundi wa umeme ukumbi huo hutumia kiasi gani kwa mwezi. Akacheka. "Daktari," akasema, "mita ni moja. Ya chuo kizima."