Sheria ya Umeme Ifike Hadi Kwenye Betri

Mteja akiniletea paneli ya jua hapa sokoni Kabambare, kabla ya kumfungia naiweka juani saa sita na kuipima kwa multimeta. Nyuma imeandikwa wati 200. Ya namna hiyo, jua likiwa kali, hutoa karibu ampea 11. Nyingi ninazopima hazifiki 4. Mpunga wa msimu mzima umeuzwa kuinunua paneli, na usiku taa inazimika watoto wakiwa bado na madaftari.

Nguzo za SNEL, shirika la umeme la serikali, hatuna. Waya mkubwa wa mabwawa ya Inga, kilomita 1,700, unapita mbali nasi kwenda Kolwezi kwenye migodi. Hata Kindu, makao ya jimbo letu la Maniema, inategemea mtambo wa zamani wa maji wa Rutshurukuru, upande wa Kalima.

Ndiyo maana Sheria ya umeme namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 inatugusa sisi kuliko watu wa Kinshasa. Kabla yake SNEL, iliyoanzishwa 1970, ndiyo iliyoshika karibu kila kitu. Sheria ikaruhusu wengine kuzalisha umeme na kuuza, ikaagiza viundwe vyombo viwili: ARE ya kusimamia sekta, na ANSER ya kupeleka umeme vijijini. Amri za kuviunda zilitoka 2016. Katiba nayo, kifungu cha 48, inahesabu umeme kuwa haki ya raia, sawa na maji safi.

Goma matunda yalionekana. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3. Lakini Goma watu wamesongamana, wateja wanapatikana mtaa kwa mtaa. Huku vijiji vimetawanyika, na mvua ikinyesha lori linalala njiani siku nyingi. Mwenye mtaji atakuja huku mwisho kabisa. Kwa sasa umeme wetu ni huu unaofungwa kwenye pikipiki kutoka Baraka na Uvira, na ndio ninaotaka serikali iutazame: paneli ipimwe mpakani, ya uongo isiingie, na ile nzuri isitozwe ushuru kila kizuizi.

Halafu kuna betri. Nimeitwa kwenye zahanati yenye paneli nzima, safi, juu ya bati. Chini, betri zimevimba ubavuni, seli zimekauka, nyingine zimejazwa maji ya kisima. Betri ya risasi inataka maji yaliyokenekwa, na hata ukiitunza vizuri, baada ya miaka michache inakufa. Mradi ulioleta paneli ulilipia kufunga tu. Mkunga amerudi kwenye tochi ya simu.

Wabunge wa jimbo wanapoketi Kindu kupanga bajeti, naomba kila zahanati yenye paneli iandikiwe fedha ya betri mpya na posho ya fundi wa karibu, kila mwaka, kabla ya kuzindua mtambo mwingine.